Kutoa katheta ya shingoni: chunga hewa kabla ya damu

Kuweka katheta kwenye mshipa mkubwa wa shingoni kila mtu anajua ni kazi ya kutuliza akili. Kuitoa hudhaniwa ni kukata nyuzi na kuvuta. Muuguzi mgeni hushika gozi akiwaza damu, kumbe kinachoweza kuua ndani ya dakika chache ni hewa.

Mtu aliyeketi akivuta pumzi, shinikizo katika mishipa ya kifuani hushuka chini ya lile la nje. Tundu likiwa wazi, hewa hufyonzwa hadi moyoni na kuziba damu inayokwenda mapafuni. Kwa hiyo mgonjwa alazwe chali, kitanda kikiwa sawa au upande wa kichwa umeshushwa kidogo. Asiyeweza kulala hivyo kwa kubanwa na pumzi, daktari ashauriwe kwanza.

Kabla ya hapo, angalia majibu ya kuganda kwa damu, uliza kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, na hakikisha dawa zilizopitia kwenye katheta zina njia nyingine. Kisha mfundishe: “Mama, nikikwambia, vuta pumzi, izuie, halafu jikamue kama unayekwenda haja kubwa.” Mjaribu mara moja kabla hujagusa uzi. Vuta katheta akiwa anajikamua hivyo. Asiyeweza kufuata maelekezo, vuta anapotoa pumzi. Aliye kwenye mashine ya kupumulia, vuta mashine inaposukuma hewa ndani.

Katheta ikikwama, usiilazimishe: acha, funika, ita daktari. Ikitoka, gandamiza papo hapo kwa angalau dakika 5, bila kuchungulia chungulia. Damu ikikoma, paka mafuta tasa ya mgando na ufunike kwa plasta isiyopitisha hewa, ikae angalau saa 24. Gozi tupu haitoshi. Mgonjwa abaki amelala dakika 30. Kagua urefu na ncha ya katheta, maana kipande kinaweza kubaki ndani. Kupeleka ncha maabara kwa mazoea tu ni kupoteza vifaa. Ipelekwe maambukizi yakishukiwa.

Akibanwa na pumzi ghafla, akilalamika kifua au akichanganyikiwa, ziba kidonda, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni nyingi na uite msaada.

Katheta ya kudumu ya kusafishia damu, iliyopitishwa chini ya ngozi, haivutwi hivi. Ina kizingiti kilichoshikana na nyama, na daktari huitoa kwa ganzi.