Kuhamisha programu na faili kwenda diski mpya bila kupoteza hesabu za duka

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Kihunguro, Ruiru. Anauza simiti, mabati, misumari na rangi. Malipo mengi yanaingia kwa till, na kila jioni anaketi kwa kompyuta yake kuandika kilichouzwa na kilichokopwa. Lakini hiyo kompyuta ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai na kuimaliza kabla haijafunguka. Basi akaamua kuibadilishia diski.

Fundi mmoja mjini Thika alichukua kazi. Aliweka Windows upya kwa diski mpya, akakopi folda ya Documents, akakopi pia folda ya programu, kisha akanipigia simu. Ilikuwa ni mimi niliyempeleka shangazi kwake. "Kila kitu nimekopi. Hii ya zamani niifute?" Nikamwambia afute. Hiyo diski ikaingia kwa kompyuta ya mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Kesho yake dukani, shangazi akabonyeza programu yake ya hesabu. Haikufunguka. Tukaiweka upya, ikafunguka vizuri, lakini ndani hakukuwa na kitu. Stoki sufuri. Wateja sufuri. Madeni sufuri.

"Si mlisema mmehamisha yote?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Somo la leo limetoka hapo. Ukiendesha biashara kwa simu na kompyuta, siku moja utabadilisha diski ama kompyuta nzima. Ukielewa jambo moja tu kabla ya siku hiyo, utakuwa salama: faili zinakopiwa, programu zinawekwa upya, na diski ya zamani haifutwi mpaka mpya ijaribiwe kazini.

Ndani ya diski kuna vitu vya aina tatu

*Faili zako.* Picha, barua, PDF za taarifa za malipo, ankara, jedwali za Excel. Hizi ni kama nguo kabatini. Unazitoa hapa, unaziweka pale, basi.

*Programu.* Hizi si kama nguo, ni kama sinki la jikoni. Ukiling'oa na kulibeba hadi nyumba nyingine, mabomba yanabaki ukutani. Programu ikiwekwa kwenye Windows, sehemu yake inakaa kwa folda ya Program Files, lakini nyingine zinaandikwa kwenye rejista ya Windows na kwenye folda nyingine zilizofichwa. Ndiyo maana ukikopi ile folda moja peke yake, programu nyingi zinakataa kufunguka.

*Data ya programu.* Hapa ndipo tulipoumia. Stoki, wateja na madeni uliyoandika ndani ya programu ya hesabu vinaweza kuwa havipo kwa Documents. Programu nyingi huviweka kwenye folda inayoitwa ProgramData, ama AppData, na Windows huzificha zote mbili. Fundi alikopi alichokiona. Madeni ya shangazi yalikuwa mahali asipopaona.

Na pesa je? Pesa zako haziko kwa diski. Salio la till na kumbukumbu za malipo viko kwenye mifumo ya kampuni ya malipo, kwa hivyo kompyuta ikiungua leo, pesa ziko palepale. Taarifa za malipo unaweza kuziomba tena, na ndivyo tulivyofanya kwa shangazi. Lakini taarifa ya malipo inaonyesha aliyelipa. Haionyeshi ambaye bado hajalipa. Daftari la madeni lilikuwa kwa ile diski tu.

Kabla hujanunua diski

Angalia kwanza umetumia nafasi kiasi gani. Fungua "This PC", bonyeza diski C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties". Utaona nafasi iliyotumika na iliyobaki. Nunua diski ambayo ikishajazwa vitu vyako bado itabaki na nafasi ya kutosha.

Usishtuke ukiona diski ya GB 240 inaonyesha kama 223 kwa Windows, ama ya 500 inaonyesha 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa kipimo kikubwa kidogo.

Uliza pia kompyuta yako inapokea diski ya aina gani. Laptopu za zamani nyingi huchukua ile ya inchi 2.5. Mpya nyingi huchukua kile kibao chembamba kinachoitwa M.2. Kimoja hakiingii mahali pa kingine.

Chagua njia moja kati ya mbili

*Njia ya kwanza: nakala kamili ya diski.* Programu maalum inachukua diski nzima, Windows, programu, data iliyofichwa na yote, na kuitengeneza vilevile kwa diski mpya. Clonezilla ni mojawapo na ni ya bure. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuweka programu upya na hakuna folda inayosahaulika. Ubaya wake: kama kompyuta ilikuwa na virusi ama imejaa takataka, vyote vinahama nawe. Pia Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani ama kubwa zaidi. Kutoka 500 kwenda 240 itakusumbua hata kama umetumia 60 peke yake.

*Njia ya pili: kuanza upya.* Unaweka Windows mpya, unaweka kila programu tena kutoka kwa mwenyewe, kisha unarudisha faili na data. Inachukua muda mrefu, lakini kompyuta inakuwa nyepesi. Hii ndiyo njia ya kufuata pia ukinunua kompyuta nyingine kabisa.

Kama biashara inategemea programu ambayo huna tena namba yake ya leseni, chukua njia ya kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Andika orodha. Fungua "Settings", kisha "Apps", upitie programu zote. Andika zile unazotumia kweli, pamoja na namba za leseni. Usitegemee kumbukumbu ya fundi, hajui duka lako.

2. Toa data kwa kutumia programu yenyewe. Fungua programu ya hesabu na utafute "Backup". Hiyo ndiyo njia sahihi ya kutoa data, kwa sababu programu inajua ilikoficha vitu vyake. Itakupa faili moja. Iweke kwa flashi, na nakala ya pili mahali pengine, kama barua pepe yako ama hifadhi ya mtandaoni. Hatua hii ni ya dakika chache tu, na ndiyo ingeokoa madeni ya shangazi.

3. Zima leseni zinazohitaji kuzimwa. Programu nyingine zinakubali kompyuta moja tu. Ukibadilisha mashine bila kuzima leseni kwa ile ya zamani, mpya itakataliwa. Kama unatumia programu ya eTIMS iliyowekwa kwenye kompyuta yako, uliza KRA utaratibu kabla ya kuigusa.

4. Kopi faili, usizikate. Tumia "Copy", usitumie "Cut". Stima ikipotea katikati ya kazi, na hapa kwetu inapotea, zile za asili ziwe bado ziko. Laptopu iwe kwa chaji na betri iwe imejaa. Kwa USB ya zamani, GB 60 zinaweza kuchukua nusu saa ama zaidi. Na kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, haipokei faili moja inayozidi GB 4. Tumia exFAT.

5. Pitia mahali panaposahaulika. Desktop, Downloads, Pictures, na alamisho za kivinjari. Taarifa za malipo ulizopakua kutoka kwa barua pepe kwa kawaida zimelala Downloads, hujawahi kuzihamisha.

6. Linganisha hesabu. Bonyeza folda ya zamani kwa kitufe cha kulia, angalia "Properties", andika idadi ya faili na ukubwa wake. Fanya hivyo kwa mpya. Zikikosana, kuna kitu kimeachwa.

7. Weka programu upya, kisha rudisha data kwa kutumia "Restore" ndani ya programu ileile.

Kama hubadilishi diski bali umeongeza ya pili, kazi ni rahisi zaidi. Bonyeza folda ya Documents kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Location", kisha "Move", uielekeze kwa diski mpya. Programu zilizotoka Microsoft Store nyingi unaweza kuzihamisha kutoka "Settings". Zile za kawaida zitabidi uzitoe na kuziweka tena.

Ijaribu kwa kazi halisi

Programu kufunguka haitoshi. Ile ya shangazi ilifunguka vizuri, ikiwa tupu. Fungua deni la mwezi uliopita unalolikumbuka, uone kama kiasi ni kile kile. Chapisha risiti. Fungua taarifa ya malipo ya mwaka jana, na uhakikishe bado unajua neno lake la siri. Ingia kwenye tovuti ya till yako.

Kisha weka diski ya zamani kwa droo, ikiwa nzima, mpaka umalize mwezi mmoja wa hesabu. Kuna vitu utakumbuka tu siku ya kulipa kodi ama siku mteja anapobisha. Na kumbuka, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakutaka uhifadhi kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano. "Diski ilifutwa" ni maelezo, si kumbukumbu.

Halafu ndipo ufute, na ufute kweli

Diski ya zamani ina namba za simu za wateja, majina yao, na nywila ambazo kivinjari kilikuhifadhia. Kufomati kwa haraka hakuondoi vitu hivyo. Mtu mwenye programu ya kurudisha faili anaweza kuvisoma. Kwa diski ya zamani inayozunguka, fomati ukiwa umeondoa alama ya "Quick Format", hapo Windows inaandika juu ya kila kitu. Kwa SSD, tumia programu ya mtengenezaji ya kufuta kabisa. Data za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wewe mwenye duka ndiye uliyepewa kuzitunza.

Maswali ya haraka

*Nimpe fundi PIN ajaribu kama till inafanya kazi?* Hapana. Kubadilisha diski hakuhitaji PIN yoyote. Kama kuna haja ya kuingia kwenye tovuti, ingia mwenyewe, na kazi ikiisha badilisha neno la siri.

*Nikibadilisha kompyuta, till yangu inabadilika?* Haibadiliki. Akipiga mtu akisema "tumeona kompyuta mpya, tuthibitishie PIN", kata simu. Hatuulizi PIN, si leo, si kesho.

*Windows inaniuliza namba ya BitLocker, ni nini hiyo?* Ni ufunguo wa tarakimu 48 wa kufungulia diski iliyofungwa kwa usalama. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwa karatasi kabla ya fundi kufungua mashine.

Zoezi la leo

Usingoje kompyuta ianze kukwama. Leo jioni ukishafunga hesabu, jiulize: ni kitu gani kiko kwa diski hii na hakiko mahali pengine popote? Kwa wengi ni madeni. Kitoe, ukiweke mahali pa pili.

Shangazi alikaa wiki mbili akiwapigia wateja wake, kutoka Kimbo hadi Juja, akiwauliza polepole walikuwa wanadaiwa ngapi. Wengi walisema ukweli, na wengine wakamtumia hapo hapo kwa till. Wachache hawakushika simu. Siku hizi kila Ijumaa jioni ananitumia meseji ya neno moja: "Nimebackup." Na mimi namjibu, "Asante, shangazi."