Moyo Uliovunjika na Mwili Unaougua: Somo Kutoka Njia ya Misafara

Masomo: Mithali 17:22, 1 Wafalme 19:1-8, 1 Timotheo 5:23



Katika ziara zetu za miradi huko Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, neno moja tunalisikia karibu kila nyumba: "Ana mawazo." Mtu akikonda, ana mawazo. Presha ikipanda, ni mawazo. Mkulima wa tumbaku aliyebaki na deni la pembejeo baada ya msimu wa soko akilalamika kichwa na kifua, majirani humwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni sukari ya kupunguza kwenye chai. Tena lipo neno la pili linaloenda sambamba na hilo, nalo husemwa zaidi na sisi watu wa kanisa: "Imani yako ndiyo dawa yako." Tumekutana na akina mama walioacha vidonge vya presha baada ya kuambiwa kwenye maombi kwamba ugonjwa wao ni uchungu wa moyo tu, na kwamba wakisamehe watapona. Mmoja wao leo hawezi kuinua mkono wa kulia.

Ndiyo maana tumeona somo la robo hii liwe juu ya jambo hili. Je, ni kweli kwamba mawazo na hisia vinaweza kuugusa mwili hata ukaugua? Na kama ni kweli, imani ina nafasi gani, na kidonge kina nafasi gani?

Hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji kupita hapa Tabora hadi Bagamoyo, imebeba ushahidi wa kutosha. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiwa na mizigo ya takribani kilo 30 mabegani, wakaimba. Mateka waliofungwa kongwa na minyororo waliipita pia, na wao hawakuwa na sababu ya kuimba. Hata jina la Bagamoyo wazee wamelieleza kwa njia mbili: wengine husema ni mahali pa kuubwaga moyo na kupumzika baada ya safari, wengine husema ni mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake kabla ya kupandishwa jahazini. Hatutaamua hapa nani yuko sahihi. Inatosha kuona kwamba katika maelezo yote mawili ni moyo unaotajwa, ingawa miguu ndiyo iliyotembea.

Dk. David Livingstone, ambaye alikuwa mmisionari na pia daktari, aliandika juu ya ugonjwa aliouona katika nchi ya Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako sasa ni Kongo. Aliuita ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi ile, na jina alilolipata kwa ajili yake lilikuwa kuvunjika moyo. Uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Alieleza kundi moja lililovumilia minyororo vizuri mpaka walipouvuka mto Lualaba na kuona maji yale mapana yamewatenga na nchi yao. Hapo wakakata tamaa. Wanane, pamoja na wengine wengi waliokuwa bado minyororoni, walikufa ndani ya siku tatu. Waliokuwa wakifa walisema wanaumwa moyoni, wakaweka mkono juu ya moyo. Wafanyabiashara wa watumwa walishangaa, kwa sababu mateka hao walipewa chakula na hawakufanyishwa kazi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, zinasimulia pia habari za watoto waliotembea kwa ujasiri siku nyingi, kisha wakipita karibu na kijiji na kusikia ngoma, wakakumbuka kwao, wakalia, na nguvu zikawaisha upesi.

Mpendwa msomaji, tusome kwa uangalifu. Mateka wa namna ile walikuwa pia na homa, kuhara, vidonda vya minyororo na uchovu, na hakuna aliyewafanyia uchunguzi hospitalini. Lakini Livingstone alikuwa daktari, na aliona kwamba chakula peke yake hakikuwaokoa.

Sayansi ya leo inatusaidia kuelewa. Mtu akiogopa au akipata uchungu mkubwa, ubongo hupeleka taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu, tumbo linapunguza kazi yake. Mungu ameweka jambo hilo kwa faida yetu: ukikutana na nyoka kwenye shamba la mahindi unahitaji nguvu za ghafla. Nyoka akiondoka, mwili unatulia. Shida ni pale nyoka anapokuwa deni, au ndoa yenye kipigo, au msiba usio na wa kuuzungumza naye. Huyo haondoki. Mwili unakaa katika hali ya hatari kwa miezi, usingizi unapotea, presha inazoea kukaa juu, na kinga ya mwili inadhoofika. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo wa mtu hudhoofika ghafla na kuvimba sehemu ya chini, mara nyingi baada ya pigo kama kufiwa. Waliiita takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa moyo huo hufanana na chungu hicho. Wengi hupona wakitibiwa, lakini wapo wanaokufa. Hatusemi ndicho kilichowaua wale wa Lualaba. Tunasema tu kwamba aliyeuweka mkono kifuani hakuwa mjinga.

Biblia ilikwisha kuliona hilo zamani. Mwandishi wa Mithali anaufananisha moyo uliochangamka na dawa, na huzuni anaifuata mpaka kwenye mifupa. Eliya, nabii aliyeshusha moto Karmeli, alitishwa na Yezebeli akakimbia jangwani, akalala chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe uhai. Angalieni malaika alifanya nini. Hakumhubiria wala hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimpa mkate uliookwa na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini pale, lilikuja baadaye, baada ya chakula, usingizi na safari. Sisi mara nyingi tunaanza na swali na chakula tunakisahau. Martin Luther naye, ambaye aliyajua majaribu ya huzuni nzito katika nafsi yake, alimwandikia kijana Jerome Weller mwaka 1530 akimshauri asikae peke yake, atafute watu wa kuzungumza na kucheka nao. Ni ushauri wa mchungaji, na muuguzi wa zahanati angeweza kuutoa vilevile.

Turudi kwenye njia yetu. Mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone mwenyewe alifika Ujiji akiwa mifupa mitupu. Julai ya mwaka ule alikuwa ameshuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni Nyangwe, wakafa mamia, wengi wao wanawake. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867. Na alipofika Ujiji alikuta mali aliyoitegemea imeuzwa yote na aliyekabidhiwa. Siku chache baadaye Henry Stanley akaingia na msafara wake, akiwa na chakula, barua na habari za miaka. Livingstone aliandika kwamba hamu ya kula ilirudi, akaacha milo miwili isiyo na ladha akawa anakula mara nne kwa siku, na katika wiki moja akaanza kuona nguvu. Wawili hao walifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki kwenye tembe akiwasubiri watu wa msafara mpya mpaka Agosti 25. Waliofika kwenye makumbusho ya Kwihara wameliona tembe hilo.

Hapa wahubiri wengi wangeishia, na somo lingekuwa zuri: furaha imemponya. Lakini habari haikuishia Kwihara. Livingstone alitoka hapa na tumaini na sala, na miezi minane baadaye, Mei 1873, alikufa katika kijiji cha Chitambo, sasa ni Zambia, akiharisha na kutokwa damu. Watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Nani kati yetu atasema aliyekufa akiwa magotini alipungukiwa imani? Urafiki ulimrudishia nguvu na hamu ya kula. Ugonjwa wa matumbo haukuondoka kwa urafiki.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaubeba mwili. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, yaani hapa kwetu, wakawakuta Waingereza wa msafara wa Cameron. Daktari wa msafara huo, Dk. Dillon, alikuwa ameteswa na homa kwa muda mrefu. Aliondoka akielekea pwani pamoja na waliobeba mwili, na mwezi Novemba, akiwa katika homa kali iliyompotosha akili, alijiua kwa bunduki njiani, mahali paitwapo Kasekera. Tunaitaja habari hii ya kusikitisha kwa sababu njia kati ya moyo na mwili inapitika pande zote mbili. Mwili nao huugua ukavuruga mawazo. Malaria ikipanda kichwani, mtu huweza kusema na kufanya asiyoyajua. Sukari ikishuka mno, anaweza kuonekana mlevi au mwenye pepo. Mama aliyejifungua anaweza kuingia katika sonona bila kosa lolote la kiroho. Mtu wa namna hiyo akiletwa kwenye maombi usiku, mwombeeni, na usiku huohuo mpelekeni kituo cha afya. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata kwa dakika chache.

Lipo pia kosa la kuyabebesha mawazo kila kitu. Kwa miaka mingi hata madaktari walifundisha kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria anayeishi tumboni ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Ni wangapi walioambiwa wasamehe, wakasamehe kweli, na kidonda kikabaki kwa sababu walihitaji pia dawa ya kuua bakteria? Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya tumbo lake, alimpa ushauri wa kitu cha kunywa. Hakumtuhumu.

Na tunakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kutoka kila pembe ya nchi na nchi jirani kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Alifariki mwaka 2021 na hatuna nia ya kumsema vibaya. Wengi walirudi wakisema wamepata nafuu, nasi hatuwaiti waongo. Tumaini huufanya ubongo utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, na mtu akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Lakini kujisikia nafuu hakupunguzi virusi kwenye damu. Presha pia haina maumivu ya kukuonya kwamba imepanda. Waliotupa dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya nafuu ile walijiweka hatarini, na baadhi yao walizikwa. Mpaka leo tunaona jambo hilohilo likirudi kwa mafuta, maji na vitambaa.

Kwa hiyo tunawaomba wainjilisti, wazee wa kanisa na vikundi vyetu vya akina mama wanaotembelea wagonjwa waanze na maswali matatu kabla ya kufungua Biblia: umekula, umelala, umemeza dawa? Baada ya hapo msikilizeni bila haraka, hata kama anarudia habari ileile ya deni au ya mume. Salini pamoja naye. Kama tarehe yake ya kliniki imepita, mmoja wenu amsindikize. Wala msiahidi uponyaji kwa tarehe, maana siku ikipita bila kupona mnamwongezea mzigo wa kujiona hana imani juu ya ugonjwa alionao.

Maswali ya kujadili katika ibada za nyumba kwa nyumba: Je, katika mtaa wetu yupo aliyeacha dawa kwa sababu ya neno tulilomwambia sisi? Nani atakwenda kwake, na siku gani? Yule anayesemwa kwamba ana mawazo, mara ya mwisho alikula chakula pamoja na nani?