Dondoo muhimu: Kupima umbali ukiwa ndani ya Tiger

Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, haikuwa na leza. Kwenye simuleta nzuri nawe hupewi. Umbali utaupima kwa jicho na hesabu.

• Anza na pembetatu. Kwenye darubini ya mzinga, ile kubwa ya katikati ina upana wa mili 4, zile ndogo mili 2. Mili moja ni mita 1 kwa umbali wa mita 1,000. Chukua upana wa adui kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawa kwa mili. T-34, kifaru cha Kisovieti, ina upana wa mita 3: ikijaza pembetatu kubwa, iko mita 750; ikijaza ndogo, 1,500.

• Ila tazama imekaaje. Ikikupa ubavu, bodi lake ni karibu mita 6, na umbali halisi ni mara mbili ya ulioupata. Wengi hukosea hapa, wakasingizia mzinga. Ikikaa mshazari, pima kimo: takriban mita 2.4.

• Huna muda? Weka umbali wa mita 800, lenga chini kwenye minyororo. Kombora hupanda kama mita moja na nusu tu, hivyo aliye karibu zaidi naye hasalimiki.

• Anayekatiza kwa kilomita 20 kwa saa, mita 1,000 kutoka kwako, mtangulie kwa mili 8.

• Kombora likianguka mbele yake, ongeza 200. Likipita juu, punguza 100. Usibadili umbali na shabaha kwa pamoja, hutajua kipi kilikukosesha.