Kupanga Mapumziko ya Jamaa Pwani Wakati wa Demani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wa mkoa wetu wa Singida hudhani kwamba safari ya mapumziko ni jambo la matajiri na wageni. Sisi tukisafiri, twasafiri kwa sababu ya msiba, arusi, ugonjwa au shule. Lakini jamaa ya mkulima nayo yaweza kwenda pwani, ikapumzika na kurudi bila deni, ikiwa itapanga mambo yake kwa akili. Katika makala haya nataka kueleza jinsi mpango wa namna hiyo unavyofanywa, kwa mfano wa safari ya jamaa yetu kwenda Bagamoyo katika likizo fupi ya Septemba mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu. Nawaandikia hasa wanafunzi wenzangu, kwa maana katika nyumba nyingi sisi ndio tunaosoma jiografia na hesabu, na kazi ya kupanga yaweza kutuangukia.

Tulikuwa watu sita: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na wadogo zangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita. Bibi amepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na alikuwa hajaiona bahari tangu kuzaliwa. Fedha zilikuwa za alizeti na kuku, na Mama alikuwa amezikusudia kununua mabati. Akakubali safari kwa sharti moja. Alisema, "Tukirudi tumechoka kuliko tulivyoondoka, tutakuwa tumekosa mabati na mapumziko pia." Basi sharti hilo likawa kipimo cha kila jambo tulilolipanga.

Jambo la kwanza ni majira. Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi, na wakati wake joto huwa kali. Baada yake huja masika, yaani mvua kubwa za Machi mpaka Mei. Kusi huanza wakati huo wa masika, kisha hupata nguvu Juni na Julai, majira ya kipupwe, na bahari huchafuka. Kuelekea mwisho wa Agosti kusi hulegea, na majira yanayofuata watu wa pwani huyaita demani. Hewa huwa ya kiasi, mvua ni chache, na bahari imetulia. Mwezi wa Oktoba mvua za vuli zaweza kuanza. Basi Septemba iko mahali pazuri, kati ya baridi iliyokwisha na joto lisilofika bado.

Tena tazama kalenda ya shamba. Huku Singida mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Alizeti huvunwa Mei na Juni, kisha hupigwa, hupepetwa na kuuzwa. Mwezi wa Septemba fedha ziko mkononi na jembe limepumzika. Desemba, wakati watu wengi husafiri kwa ajili ya sikukuu, mabasi hujaa, vyumba hupanda bei, na shamba nalo linatuita. Kwa sababu hizo tuliacha Desemba bila majuto.

Watu wa Ulaya wanaijua hesabu hii. Wengi wao huenda pwani ya Bahari ya Mediterania, katika nchi kama Italia, Ugiriki na Hispania, miezi ya Julai na Agosti, wakati wa joto kubwa, na miji hujaa watu. Lakini wenye busara hungoja Septemba na Oktoba. Shule zimefunguliwa, umati umeondoka, na bei zimeshuka. Bahari bado ina uvuguvugu, kwa maana maji hupokea joto polepole na kulitoa polepole kuliko nchi kavu, kama tulivyofundishwa katika jiografia. Majira yao ni mengine na yetu ni mengine. Ila kanuni ni moja: chagua wakati wa katikati, watu wengi wakiwa makwao.

Jambo la pili ni mahali. Baba aliandika orodha ya Dar es Salaam, Bagamoyo, Zanzibar na Tanga, yote kwa siku saba. Sikumpinga kwa maneno. Nilichora ratiba ya siku hizo saba katika daftari na kumwonyesha. Kila unapohama mji, nusu ya siku hukwisha kwa kufunga mizigo, kungoja chombo, kusafiri na kutafuta chumba. Kutoka nyumbani mpaka pwani na kurudi kwahitaji siku nne, ukienda bila kumchosha mzee. Zimebaki tatu. Ukizigawa siku tatu kwa miji minne, Bibi angeiona bahari kupitia dirisha la gari. Baba akaitazama ratiba kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu na kufuta miji mitatu yeye mwenyewe. Alisema, "Zanzibar haitahama."

Tulichagua Bagamoyo kwa kuwa ni mji mdogo, pwani yake iko karibu na nyumba, na vitu vya kutazama vyafikiwa kwa miguu au kwa mwendo mfupi wa gari. Tena njia ya Bagamoyo si ngeni kwa nchi yetu. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka Tabora ilipita nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikaingia Ugogo na kushuka mpaka Bagamoyo, ikibeba pembe za ndovu. Mwendo huo ulichukua kama miezi mitatu. Jina la mji huelezwa kwa njia mbili. Wengine husema ni mahali ambapo mpagazi alibwaga mzigo na kupumzisha moyo. Wengine husema ni mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake kabla ya kuvushwa baharini. Msomaji ayakumbuke yote mawili, maana njia ilikuwa moja na waliopita hawakuwa na hali moja.

Jambo la tatu ni njia. Basi la moja kwa moja kutoka Singida mpaka Dar es Salaam hupita kama kilomita 700, na kwa mtu mwenye magoti mabovu ni siku nzima ya mateso. Tuliikata safari vipande viwili. Siku ya kwanza tulipanda basi mpaka Dodoma, kama kilomita 240. Kati ya Manyoni na Bahi tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, nami nikawaonyesha wadogo zangu jambo ambalo kitabuni ni mchoro tu. Tulilala Dodoma kwa shangazi. Siku ya pili tukapanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mwendo wake ni saa nne hivi, na mzee aweza kusimama na kujinyosha njiani.

Nauli iliyotangazwa huduma hiyo ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima katika daraja la kawaida, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 mpaka 12. Basi hesabu yetu ilikuwa hivi: watu wazima wanne ni shilingi 124,000, watoto wawili ni shilingi 31,000, jumla shilingi 155,000 kwenda, na shilingi 310,000 kwenda na kurudi. Msomaji aulize nauli ya siku yake kabla ya kuanza hesabu, akate tiketi mapema, wala asisahau kitambulisho. Kutoka Dar es Salaam tulichukua gari la kupitia Tegeta na Bunju, tukafika Bagamoyo kabla ya magharibi.

Jambo la nne ni bahari yenyewe, na hapa sisi watu wa bara twahitaji somo. Maziwa yetu ya Singidani na Kindai yana chumvi kama bahari, lakini hayana kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hayo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti huwa ndogo; hayo ni maji mafu. Katika pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na tena karibu na saa kumi jioni. Saa nne au saa tano asubuhi yamekwenda mbali, na mchanga umebaki wazi.

Kwa hiyo nilitazama mwezi katika kalenda, tukachagua siku zilizofuata mwezi mpevu. Asubuhi watoto walitembea juu ya mchanga mgumu, wakiokota makombe na kutazama wavuvi na ngalawa zao. Jioni, jua limepungua ukali, maji yalikuwa yamekuja karibu, nasi tukaoga pembeni. Siku ya kwanza maji yakijaa saa kumi, siku ya pili ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na siku ya tatu ni kama saa kumi na moja na dakika 40. Lakini wakati wa bamvua maji huwa na nguvu yanapotoka. Asiyejua kuogelea asipite magotini, na mtoto ashikwe mkono. Yafaa pia kuwauliza wavuvi, kwa maana wao waijua pwani yao kuliko kitabu.

Siku hizo tatu tulizigawa kwa kanuni moja: jambo moja tu asubuhi, kulala mchana, bahari jioni. Asubuhi ya kwanza hatukwenda mahali popote. Ya pili tulikwenda Kaole, kama kilomita tano kutoka mjini, kutazama magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Bibi alibaki chini ya mti akizungumza na mama muuza samaki. Ya tatu tulikwenda naye misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, penye mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka katikati ya Afrika. Tuliona pia boma la Wadachi, waliofanya Bagamoyo makao yao makuu mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Jambo la tano ni fedha na afya. Mama aligawa fedha katika bahasha nne: nauli, malazi, chakula, na ya nne ya dharura, ambayo haikuruhusiwa kufunguliwa. Baba alipiga simu kwanza katika nyumba tatu za wageni, akauliza bei ya siku nne, na kuomba bei hiyo aandikiwe kwa ujumbe. Kwa kuwa haukuwa msimu wa watu wengi, alipunguziwa. Tulikula samaki na wali katika mgahawa wa kawaida mchana, na usiku tulikula mkate na matunda. Tulichukua chandarua chetu, maana joto la pwani hupenda mbu, na dawa za Bibi zilikaa katika mfuko wa Mama.

Jioni ya kwanza Bibi alikaa juu ya kiti cha plastiki ukingoni mwa maji, miguu yake ndani. Mawimbi yakaja mpaka magotini. Akachota maji kiganjani, akayaonja, akasema, "Chumvi hii ni ya kwetu Singidani. Ila hii inatembea." Kila jioni aliomba kiti kile kile. Tuliporudi Singida alishuka katika basi bila kushikwa, na bahasha ya nne ilikuwa haijafunguliwa. Mama aliihesabu mbele yetu sote, akaipeleka dukani; ikatoa mabati manne. Yaliyobaki yatangoja mavuno mengine.

Wasomaji wapenzi, si kila jamaa yaweza kwenda pwani mwaka huu. Lakini kanuni hizi zafaa hata kwa siku moja ukingoni mwa Singidani, mkiwa na chungu cha wali na mkeka. Chagueni wakati ambao kazi imepungua. Chagueni mahali pamoja. Mtazameni kwanza aliye dhaifu kuliko wote, mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote. Mwenda pole hajikwai, na Bibi wa kwetu ni shahidi.