Zoezi la Ufahamu na Ufupisho: Kabichi za Kiangazi

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Katika nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo, mvua hukoma kwenye mwezi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti mchana huwa mkavu na usiku huwa na baridi. Wakati huo wakulima hupanda kabichi mabondeni, karibu na maji. Kabichi hupenda ubaridi; nyuzijoto 15 hadi 20 za Selsiasi huifaa zaidi. Unaoumia ni mche mchanga uliotoka kitaluni juzi, ambao mizizi yake haijashika udongo. Baridi ya usiku huudumaza na upepo mkavu huunyausha.

Mkulima hodari huuzoesha mche hali ya shambani kwa kupunguza kivuli na maji siku saba hadi kumi kabla ya kuuhamisha. Huuhamisha jioni, hutandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, na humwagilia asubuhi ili udongo upate joto kabla ya usiku.

Adui wa pili ni ndege. Majani mabichi yanapoadimika porini, kuzumburu huja kwa makundi kudonoa kabichi, nao kuku hufukua miche. Kinga yake ni wavu uliotandazwa juu ya vijiti vilivyopindwa, kingo zikifukiwa udongoni. Wavu ukilala juu ya majani, ndege hudonoa kupitia matundu.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, viwanja ni vidogo na tuta moja la mboga lina thamani kubwa. Hapo huzuka kishawishi cha kutoa chandarua kitandani na kukipeleka bustanini. Kabichi itapona, lakini mtoto atalala na mbu, katika mkoa wenye malaria nyingi. Afadhali kushona pamoja mifuko ya wavu ya vitunguu, na kuzuia kuku kwa uzio wa matete.

Maswali
1. Kwa nini mche mchanga huumia kuliko kabichi kubwa?
2. Eleza maana ya: (a) huudumaza (b) kishawishi.
3. Mwandishi anaonya nini katika aya ya mwisho?
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 15.

Majibu
1. Mizizi yake haijashika udongo.
2. (a) huuzuia kukua (b) jambo linalomvuta mtu kutenda kosa.
3. Tusilinde mboga kwa kuhatarisha afya ya watu.
4. Mkulima huuzoesha mche hali ya shambani, huuhamisha jioni, hutandaza nyasi na humwagilia asubuhi. (Maneno 13)

Angalizo: Watahiniwa wengi huandika wanachokijua badala ya kilichosemwa. Ukijibu swali la 1 kwamba “baridi huua kabichi”, unakosa alama, kwani kifungu kinasema kabichi hupenda ubaridi. Rudi kwenye kifungu kabla ya kuandika.