Serikali Inavyoondolewa Kabla ya Uchaguzi

Mfumo wa kibunge na mfumo wa urais hutofautiana zaidi pale serikali inapotakiwa kuondoka kabla muhula wake haujakwisha.

Nchini Uingereza wananchi huchagua wabunge, na anayeungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye huwa Waziri Mkuu. Wakikosa imani naye, hana pa kushika. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310, na uchaguzi ukaitishwa. Ujerumani, iliyoonja serikali dhaifu kabla ya utawala wa Hitler, ilijiwekea kinga: Bunge halimwondoi Kansela mpaka limchague papo hapo wa kushika nafasi yake. Njia hiyo imefanikiwa mara moja tu, mwaka 1982, Helmut Kohl alipomrithi Helmut Schmidt.

Rais wa Marekani hachaguliwi na Bunge, kwa hiyo kutopendwa na wabunge hakumng'oi. Lazima ashtakiwe kwa makosa mazito: Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kawaida wa kura, kisha Seneti humtia hatiani kwa theluthi mbili. Andrew Johnson, Bill Clinton na Donald Trump (huyu mara mbili) walishtakiwa, wote waliachiwa. Johnson, mwaka 1868, aliponea kwa kura moja. Kwa vitendo basi, utaratibu huu umekuwa wa kuonya kuliko kuondoa.

Ufaransa imechanganya mifumo yote miwili. Desemba 2024 Bunge lilimwangusha Waziri Mkuu Michel Barnier, lakini Rais Emmanuel Macron akabaki.

Tanzania nayo imechanganya, kwa namna yake. Mawaziri ni wabunge, ilhali mkuu wa serikali ni Rais anayechaguliwa na wananchi. Katiba inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, bila kura hiyo kupigwa.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliwatoa mawaziri bungeni na kusogea upande wa Marekani. Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilimshtaki Naibu Rais Rigathi Gachagua na Seneti ikamwondoa. Kesho yake Bunge la Taifa likamwidhinisha Kithure Kindiki kushika nafasi hiyo.