Kano, Gegedu na Ndimu ya Supu

Tishu unganishi ni kitu gani hasa?

Jina hilo linabeba vingi: kano zinazoshika msuli kwenye mfupa, ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, gegedu la sikio, mafuta ya chini ya ngozi, hata mfupa wenyewe. Damu nayo huhesabiwa humo, ingawa wengine hukubali shingo upande. Kwenye ini seli zimebanana. Huku zimetawanyika, na kazi nzito hufanywa na kilicho katikati yake, hasa nyuzi.

Nyuzi za nini?

Nyingi ni za kolajeni, ambayo ni karibu asilimia 30 ya protini yote mwilini. Minyororo yake mitatu husokotwa pamoja kama kamba. Kwenye kano ya kisigino nyuzi zimelala upande mmoja, kufuata mvuto wa msuli. Kwenye ngozi zimepishana, ndiyo maana ngozi huhimili kuvutwa huku na huku. Halafu kuna elastini: kunja sikio lako uliachie, uone linavyorudi.

Nikinywa supu ya makongoro kila asubuhi, magoti yatapona?

Supu ile huganda ikipoa kwa sababu kolajeni imechemka ikawa jelatini. Lakini tumbo haliisafirishi nzima hadi gotini. Huivunjavunja, na mwili hupeleka vipande unakotaka wenyewe. Inywe kwa utamu wake. Mimi naitetea zaidi ndimu unayokamulia bakulini.

Ndimu imeingiaje hapa?

Bila vitamini C minyororo ile mitatu haishikamani vizuri. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, ngozi huvia damu: ndicho kiseyeye. Mabaharia wa Vasco da Gama, wakirudi kutoka India, walikaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zilivimba hadi zikafunika meno, na watu wapatao 30 walikufa. Walipofika Malindi Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa, wakaletewa. Hata hivyo wengine walifia hapohapo. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, ikabidi São Rafael ichomwe moto.

Kinachonishangaza zaidi katika kiseyeye ni makovu. Ugonjwa ukizidi, jeraha lililofunga miaka mingi iliyopita huweza kufumuka. Kumbe kovu halijengwi likaisha. Kolajeni yake huvunjwa na kufumwa upya muda wote, na ufumaji ukisimama, uvunjaji hauusubiri.

Nimeteguka kifundo cha mguu. Nichuliwe?

Siku za mwanzo, hapana, hasa kwa nguvu. Ndani bado kunavuja damu, na kuchua huongeza uvimbe. Funga bendeji, inua mguu. Ukishindwa kuukanyagia, nenda ukapigwe picha ya eksirei, maana huenda mfupa umevunjika.

Baada ya hapo usiulaze mguu mwezi mzima. Ligamenti ina mishipa michache ya damu, hivyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na nyuzi mpya hujipanga kufuata uzito zinaoupata. Zikikosa kazi hulala ovyo. Anza kwa kukizungusha kifundo, kisha kukanyaga kidogokidogo.

Na gegedu la goti?

Hilo halina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, unaosukumwa ndani na nje unapotembea. Likilika halijirudishi kama ngozi. Mwenye magoti mabovu nitamwambia apunguze uzito na aendelee kutembea, hata kama jirani amemshauri akae kitako.